Tupa Ile ya Kwanza

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kidonda cha shingoni kinaendelea kufunga, na kwamba Mama mdogo hajaanza kukulisha supu asubuhi, mchana na jioni kama alivyonitishia kwenye simu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna flashi mbili. Zishike vizuri, maana humo ndimo ilimo sauti yako. Yale maneno elfu mbili na mia tatu uliyonisomea siku mbili kabla ya upasuaji, huku ukilalamika kwamba nakusomesha kamusi, nimeyakata moja moja, kisha nikaandika programu ya kuyaunganisha. Unachapa sentensi, unabonyeza Enter, na kompyuta inaisema kwa sauti yako mwenyewe. Hata kile kikohozi chako kabla ya neno "lakini" nimekiacha.

Nimeiandika kwa Python. Ni lugha ambayo kompyuta huisoma mstari kwa mstari wakati ule ule inapofanya kazi, kwa hiyo ni rahisi kuiandika ila si ya mbio. Kasi yake hutegemea pia mfumo endeshi, yaani ile programu kubwa inayotawala kila kitu ndani ya mashine. Hapa kazini, ambako kupima kasi ndiyo kazi yangu ya kila siku, nimeijaribu kwenye mifumo mitatu. Sisi tumeipa majina ya utani. Kwenye Madirisha ilichukua sekunde moja na robo. Kwenye Tufaha la mwenzangu wa meza ya pili, chini kidogo ya sekunde moja. Kwenye Pengwini, ule mfumo wa bure, nusu sekunde. Programu ni ile ile na sentensi ni ile ile: "Nipo hapa."

Kompyuta yako ni mzee mwenzako, itakuwa na mambo yake, ndiyo maana nataka uipime huko huko. Flashi ya bluu ni ya Madirisha, nyekundu ni ya Pengwini. Chomeka moja, washa kompyuta, chapa "Nipo hapa", bonyeza Enter na utazame mshale wa saa yako mpaka sauti itoke. Rudia mara tatu kwa kila mfumo. Ile ya kwanza itupe, usiiandike hata kidogo. Mara ya kwanza mashine inakuwa bado inatafuta vitu vyake kwenye diski. Kuanzia ya pili inavikumbuka. Kazini hatuihesabu kamwe, inaharibu wastani.

Na ukimaliza kuongea, izime. Inapata moto upesi, na sitaki iungue ukabaki bubu mara ya pili.

Nafurahi kwamba sasa Mama hatahitaji kubanwa vidole kama mtoto wa chekechea. Mara moja "ndiyo, nipo", mara mbili "hapana". Yeye haoni, wewe husemi, mngeishi hivyo mpaka lini?

Mwanao,
Nukta


15 Machi

Kwako Nukta,

Marahaba. Supu ni mara mbili kwa siku, nimekata rufaa ikapunguzwa.

Kifurushi kimefika kikiwa salama. Nimesoma maagizo yako mara tatu kabla ya kugusa kitu, kama nilivyokuwa nikisoma kazi yoyote iliyoletwa kiwandani. Miaka thelathini na nne nimepanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, na jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba mpanga herufi hamsahihishi mwandishi. Karatasi ikisema kuku ana miguu mitatu, unapanga mitatu. Kwa hiyo nimefanya ulivyoandika, neno kwa neno.

Madirisha: sekunde nne, sekunde nne.
Pengwini: sekunde mbili, sekunde mbili.
Za kwanza nimezitupa.

Nimebaki na Pengwini. Kila nikimaliza kuongea naizima na kuifunika kwa kitambaa cha meza, kama tulivyokuwa tukiifunika mashine mwisho wa zamu. Mama mdogo anasema imekaa kama ndege aliyelazwa.

Sasa nikuambie kuhusu mama yako. Alikuwa ameketi kitandani akikunja vitambaa kwa kupapasa. Sikumwambia kitu. Sauti ilipotoka, "Nipo hapa", aliacha kitambaa nusu na kugeuza uso kunitafuta. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Kwa ajili ya vipimo vyako ilibidi nirudie mara sita, yeye akaomba nyingine nne, na kila mara alitikisa kichwa kama mtu anayeonja chumvi. Mwishowe akasema, "Umekonda sauti." Nikachapa kwamba nilikuwa na njaa siku ile ya kurekodi. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu nilipotoka hospitali. Asante sana, mwanangu.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za jengo letu kwa sababu nilishindwa kungoja kufika juu. Nililia kidogo, mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, baba yangu ameongea.

Sekunde mbili kwa mashine ya umri ule ni nzuri mno. Nimeziingiza kwenye jedwali langu, safu ya nne, na juu yake nimeandika "Baba". Pembeni mwa namba zako kuna kialama cha penseli, hafifu, kama ndoana. Nadhani Mama mdogo alikuwa anajaribu penseli yake ya nyusi.

Jumapili nilipompigia Mama nilimuuliza kama mashine inamfaa. Unajua alivyonijibu? "Baba yako siku hizi anafikiri kabla ya kusema. Miaka arobaini nimemwombea hilo, kumbe ilihitaji mashine tu." Tulicheka mno.

Kuna kitu sikukuambia. Ndani ya programu nimeweka daftari: kila sentensi unayoisema inaandikwa, pamoja na wakati uliobonyeza Enter na wakati sauti ilipotoka. Liko kwenye folda inayoitwa KUMBUKUMBU. Siku ukipata nafasi, ninakilie mistari michache nione mnaongea nini, kama si siri.

Pasi yangu ya kusafiria bado iko ofisi ya vibali. Hii ni wiki ya saba. Nikienda kuulizia naambiwa nisubiri, nikisubiri naambiwa kwa nini sikuja kuulizia. Wakinirudishia tu, nakuja.

Mwambie Mama anywe dawa zake.

Nukta


13 Aprili

Kwako Nukta,

Marahaba. Dawa anakunywa. Sukari ilimaliza macho, sasa daktari anasema imehamia kwenye figo. Miguu imevimba. Analala sana mchana, akiamka anataka kujua kama kuna mtu chumbani. Huwa nipo. Kiti changu nimekisogeza mpaka kimegusa kitanda, na mashine iko kwenye meza ya dirishani, hatua tatu, kwa sababu ndipo ulipo umeme.

Mama yako amebuni utani. Akitaka kuniuliza jambo, anapiga makofi mara moja na kusema, "Washa!", kama anayeagiza redio. Kisha anangoja na kuhesabu kwa sauti. Mama mdogo anasema sisi wawili tumerudi utotoni.

Kuhusu kialama cha penseli, achana nacho. Kuhusu daftari, sijalifungua. Mashine inafanya kazi vizuri na wewe usiwe na wasiwasi. Hangaika na pasi yako tu.

Baba yako


21 Mei

Mwanangu Nukta,

Ni mimi Mama mdogo. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke leo.

Najua nilikupa habari kwa simu siku ile ile, ila kwa simu nilikuwa nalia na wewe unalia, hakuna aliyesikia cha mwenzake. Tumemzika dada yangu vizuri. Watu walijaa. Wachapaji wa zamani walikuja saba, wote wameinama migongo kwa namna moja, wakamzunguka baba yako pande zote kama ukuta. Kila mtu aliuliza habari zako, nikasema pasi imemzuia, na aliyetaka kusema neno lingine nilimtazama akanyamaza.

Umeniuliza mara tatu alikufaje na mara zote nilikwepa. Nakueleza sasa. Ilikuwa tarehe tisa, saa nane mchana, jua limejaa chumbani. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji ya kumnawisha. Alimwita baba yako, "Baba Nukta, upo?", na baba yako akamjibu, "Nipo hapa." Niliisikia mwenyewe ile sauti ya mashine, kwa masikio yangu haya. Basi shika hilo, mama, likutulize. Hakufa akiwa peke yake.

Ninachokuandikia hasa ni kuhusu shemeji. Tangu siku ile hajaigusa mashine. Imefunikwa, na juu ya kitambaa ameweka kitabu kizito. Watu wakija kutoa pole anaitikia kwa kichwa. Nikimwambia, "Shemeji, sema nasi kidogo," anatoka nje kumwagilia maua ambayo nimeshayamwagilia. Mwandikie wewe. Wewe anakusikiliza.

Mama yako mdogo


3 Juni

Baba,

Shikamoo, na pole. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana.

Nina hasira na ofisi ya vibali, nina hasira na mimi mwenyewe, na usiku wa mazishi nililala na viatu. Sikuwahi kumuuguza hata siku moja. Watu wa kazini wamekuwa wema, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akicheka, kwa hiyo pole zao zinanipita.

Kitu kimoja tu kinanishika. Mama mdogo ameniambia kwamba Mama aliita ukamjibu. Baba, sauti yako ndiyo kitu cha mwisho alichokisikia. Sekunde mbili! Kama ungebaki na ile ya Madirisha, zingekuwa nne, na nani ajuaye kama angezifikia. Nimeandika "2" kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza yangu. Wenzangu hawajui ni ya nini. Nikizidiwa naitazama na kujiambia kwamba walau hili nililifanya, sikuwapo lakini nilimpelekea sauti.

Nina ombi moja. Fungua daftari kwenye KUMBUKUMBU, uninakilie mstari wa tarehe tisa. Huo mmoja tu. Nataka kuutunza.

Halafu ongea na watu, Baba. Nakuomba.

Nukta


16 Juni

Kwako Nukta,

Marahaba. Mama mdogo hakusema uongo. Nilimjibu. Sauti ilitoka na Mama mdogo aliisikia. Ningeweza kukunakilia mstari mmoja kama ulivyoomba, nikaishia hapo, na wewe ungebaki na karatasi yako juu ya meza. Nimejaribu kufanya hivyo kwa siku tatu. Nimeshindwa.

Huu hapa mstari:

9 Mei. Enter: 8:13:12. Sauti: 8:13:25. "Nipo hapa."

Ni sekunde kumi na tatu. Na daftari lako linaanza kuhesabu nikishabonyeza. Halijui kwamba kabla ya hapo mashine ilikuwa imezimwa na kufunikwa, na kwamba kuamka kwake ni dakika moja na nusu.

Ulisema nikimaliza niizime. Nikaizima kila mara. Ulisema ya kwanza nisiihesabu. Sikuihesabu. Lakini, Nukta, mimi na mama yako hatukuwa watu wa mazungumzo marefu. Anauliza jambo moja, najibu neno moja, basi, kisha anasinzia na mimi nazima. Ikizimwa inasahau yote, kwa hiyo karibu kila nilichomwambia kwa mashine hiyo kilikuwa cha kwanza. Zile sekunde mbili nilizipata siku ya vipimo tu, na siku chache alipokuwa na nguvu za kubishana.

Yeye aliigundua mapema. Ule utani wa "Washa!" ulikuwa wa kunipa nafasi. Anapiga makofi, nawasha, anangoja mashine iamke ndipo anauliza swali, nachapa, anahesabu. Alikuwa akifika kumi na tatu anacheka kabla sijasema kitu. Aliniambia nisikueleze. "Mtoto amehangaika," alisema, "mwache afurahi." Kusema kweli na mimi sikutaka kueleza. Nilikuwa naona fahari.

Siku ile hakusema "Washa". Alisema tu, "Baba Nukta, upo?"

Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Ungekuwa mwezi wa pili ningeubana mara moja na yeye angejua. Lakini nilikuwa nimeshazoea kujibu kwa sauti, na nilitaka anisikie. Niliuachia mkono wake nikaenda dirishani kuwasha mashine.

Wakati kile kipicha cha pengwini hakijatokea, aliita tena. Alisema, "Umeondoka?" Nikaipiga meza kwa kiganja ili asikie kwamba nipo. Sijui alifikiri ni nini. Nikachapa. Nikabonyeza. Nilisimama nikiitazama mashine, sikumtazama yeye. Sauti ilipotoka Mama mdogo alikuwa anaingia na beseni. Niligeuka nikaushika tena mkono. Ulikuwa bado na joto, lakini hapakuwa na mtu.

Aliniuliza kama nimeondoka, na ni kweli nilikuwa nimeondoka. Hatua tatu.

Nisamehe kwa kukuandikia haya. Sina mtu mwingine wa kumwambia, na hiyo mashine siwezi kuichapia.

Baba yako


30 Juni

Baba,

Ile karatasi nimeibandua.

Jana, wenzangu walipokwenda kula, nilizima kompyuta yangu. Nikafumba macho nikasema, "Baba, upo?", kisha nikaiwasha na kuchapa kwa kupapasa. Hii ni mashine mpya na ya gharama. Nilingoja sekunde arobaini na moja. Kufikia ya kumi nilikuwa nimeanza kuogopa, na mimi nilijua sauti inakuja. Ilipotoka nilishindwa kunyamaza, ikabidi niende chooni nikakae huko.

Miaka sita napima kasi za programu na hakuna siku niliyojiuliza ile ya kwanza ni ya nani. Tunaitupa, tunaendelea. Ni ya mtu aliyekuwa amenyamaza na sasa anataka kusema. Nilikuagiza utupe, halafu nikakuagiza uzime. Yote mawili nimeyaandika mimi, kwenye ukurasa mmoja, mwandiko wangu huu huu. Na zaidi ya hapo nikawacheka kwa kubanana vidole.

Nimeitoa barua yako ya Machi. Kile kialama cha penseli nimekitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ni alama ya kuuliza. Umeiweka pembeni mwa maneno "Za kwanza nimezitupa." Uliniuliza, na mimi nikajibu kwa kichekesho cha nyusi. Kwa nini hukuniuliza kwa maneno, Baba? Ningekuambia uiache ikiwaka mchana kutwa. Ni jambo la sentensi moja tu.

Pasi imetoka. Nafika Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Julai, asubuhi. Naja na diski mpya, ile mashine itaamka kwa sekunde kumi. Sijui kwa nini naileta. Sijui nije na nini kingine.

Unanilaumu? Niambie kweli.

Nukta


11 Julai

Kwako Nukta,

Marahaba. Sikulaumu. Nimejichunguza kabla ya kuandika, kwa sababu umeomba kweli, na nimekuta sikulaumu.

Kiwandani tukilitilia shaka neno, tuliweka alama ile pembeni kwa penseli, hafifu, ili mwandishi akitaka aifute. Hafifu ilikuwa ndiyo adabu. Nilikuwekea hivyo hivyo, kama vile wewe ni mteja na mimi nipo zamu. Ulipokosa kuielewa nilipaswa kupaza sauti kwa binti yangu, nikaona aibu. Hilo kosa ni langu, usinipokonye.

Mama yako hakukasirikia kungoja. Nataka ulijue hilo kabla hujafika. Siku moja alipofika kumi na tatu na mimi nimechelewa kubonyeza, aliendelea kuhesabu mpaka thelathini, akaniambia, "Leo utakuwa unaniandalia hotuba." Sauti ikatoka: "Ndiyo." Alicheka mpaka jioni, kila akikumbuka. Kicheko hicho tulikipata kwenye ile ya kwanza. Kwenye vipimo vyako kingetupwa, nakurudishia.

Diski usinifungie. Ilete kama umeshainunua, tutampa Mama mdogo azuilie mlango usijifunge. Mashine nimeifunua jana kumsalimia mchapaji mmoja mzee aliyekuja kuniona. Alingoja bila haraka huku akitazama dirishani. Inatosha kwa wageni.

Jumamosi mlango wa uani utakuwa wazi. Usiniite kutoka nje, Nukta, maana sitaweza kukuitikia. Ingia mpaka chumbani, nitakuwa kwenye kiti kile. Nipe mkono. Nitaubana mara moja.

Baba yako